Matroni na Mfereji wa Wodi ya Juu

Matroni alikuwa na kovu mgongoni mwa mkono wa kulia, laini na lenye kung'aa, upana wake jani la kunde. Alilionyesha bila kuulizwa. Wageni walipokuja kuitazama hospitali yetu ndogo nje ya Kimilili, mtu mwingine angeanza na vitanda vipya au kabati la dawa. Yeye alianza na mkono.

"Vyeti vingine viko kwa ofisi," aliwaambia. "Hiki natembea nacho."

Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake na trei, nikijifanya nimechoshwa na hadithi hiyo. Sikuwa nimechoka. Nimefanya kazi chini ya watu wengi tangu wakati ule, wengine wenye vyeo virefu kuliko vimo vyao, lakini yeye tu ndiye ninayejivunia kuwa aliwahi kunigombeza.

Jina lake alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Hata mumewe, mtu mpole aliyekuja kumchukua Ijumaa jioni kwa baiskeli, alisimama getini akamuuliza bawabu, "Matroni ametoka?" Bawabu naye akajibu, "Bado anazunguka." Maana kuzunguka ndiko kulikuwa kazi yake. Hakuwa mtu wa kiti. Kiti cha ofisini kwake kilibebwa na kila aliyehitaji kufikia balbu, na sidhani kama aliwahi kugundua kimetoka au kimerudi.

Siku yangu ya kwanza aliniangalia kutoka viatu hadi kofia, akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Endebess.

"Kwenu mnafuga?"

"Ndio, Matroni. Ng'ombe wa maziwa."

"Ng'ombe akizaa mnampatia nini?"

"Maji ya uvuguvugu na pumba."

"Si ya balidi?"

"Hapana."

"Hapo sasa," akasema. "Kama ng'ombe wa Endebess anazaa na anapewa maji ya moto, binti ya mtu atapewa nini kwangu? Enda ufikirie, halafu uje kazini."

Alitamka hivyo, balidi, kwa sababu kinywani mwake l na r zilibadilishana viti kila zilipotaka, kama kwa wengi wa upande wa Bungoma. Madaktari vijana walicheka wakidhani hasikii. Alisikia. Aliwaacha wacheke, kisha akawapa zamu ya Jumapili.

Asiyezijua asubuhi za chini ya Mlima Elgoni anaweza kuona tunazungumzia jambo dogo. Baridi ile hushuka mlimani kabla ya jua, ikaingia kwenye saruji, na mwanamke aliyejifungua usiku huamka mwili wote ukiwa kidonda. Kwa desturi yetu mzazi lazima aoge maji ya moto, na akandwe tumbo na mgongo na mwanamke anayejua. Wako wauguzi waliodharau mambo hayo. Matroni hakuyadharau. Alikataza kukanda kwa nguvu, na mzazi aliyepasuliwa hakumruhusu mtu amguse, lakini maji ya moto aliyapa heshima moja na dawa.

Alikuwa na sababu. Nyumbani, mwanamke akizaa, sufuria iko mekoni hapo hapo na mama mkwe anachochea moto. Kwetu hospitali alipewa kitanda, shuka safi na maji ya kumtetemesha meno. Akirudi kijijini aliulizwa huko kukoje, naye akasema ukweli, na wenzake wakabaki nyumbani. Wengi wa waliobaki walizaa salama. Wengine tuliletewa kwa mkokoteni wakiwa wamekwisha kutoka damu yote. Mmoja wao alikuwa wifi yake Matroni, mke wa kaka yake. Mtoto wa kwanza alimzalia kwetu, akaoga maji baridi, akaapa hatatukanyagia tena. Wa pili alimzalia nyumbani. Matroni hakuwahi kusimulia habari hiyo mbele ya wageni. Aliniambia mara moja tu, tukikunja shuka, na hakuinua macho kutoka kwenye shuka.

Basi, maji ya moto tulikuwa nayo. Tabu ni kwamba yalikuwa mbali.

Hospitali ilijengwa kwenye mteremko. Chini kabisa, karibu na barabara, palikuwa na jiko na boila, pipa kubwa la chuma lililopashwa kwa kuni, kwa sababu lori la kuni halikuweza kupanda. Kutoka hapo bomba lilipita wodi ya wanaume, wodi ya watoto, likapanda mpaka kwenye ua, na huko mwisho ndiko ilikokuwa wodi ya uzazi. Sisi tuliiita wodi ya juu. Aliyefungua mfereji wa moto kule alfajiri alipata kwanza maji yote yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha, na yalikuwa baridi kuliko ya mtoni. Ilibidi yamwagike mpaka yaishe ndipo ya moto yafike.

Kwa kuwa kungoja kunachosha, Matroni alianzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisani wenye beti nyingi, na wazazi wote waliujua. Mmoja akafungua mfereji, Matroni akaweka mgongo wa mkono chini ya maji, kama anayempima mtoto homa, na wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza barafu. Kwenye kiitikio cha tatu maji yalikuwa yameanza kufikiria. Wimbo ulipokwisha, mkono ulisema tayari, na mzazi wa kwanza akaingia. Sauti ya Matroni yenyewe ilikuwa mbaya, nimwombe radhi, ilipanda pale ambapo wimbo unashuka. Lakini aliimba kwa uhakika hata wengine wote wakadhani wao ndio wanaokosea.

Tuliupenda wimbo ule. Mgonjwa wa wodi ya wanaume alijua kumekucha akiusikia. Hatukufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayeusikia kwa masikio ya namna nyingine.

Mwenyekiti wa kamati ya hospitali alikuwa mwalimu mstaafu, nyumba yake ng'ambo ya ua, hatua chache na wodi ya juu. Hakuwa mtu mbaya. Alitutafutia magodoro wakati ambapo hakuna aliyetujali. Lakini mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, kisima kilitoa maji kwa kujikongoja, na tangi lilikauka kabla ya saa nne asubuhi. Akaja ofisini, akasimama kwa sababu kiti hakikuwapo.

"Matroni, mimi nikisikia huo wimbo wenu, nafikiria tu ndoo. Wimbo mzima ni maji yanaenda kwa mtaro."

"Ni maji yanangojewa, Mwalimu. Hayaendi bure."

"Wodi ya watoto inakosa ya kunywa. Kamati imeonelea hiyo laini ya juu ifungwe. Wazazi wapelekewe na ndoo kutoka jikoni."

"Tulijaribu ndoo. Yakipanda huo mlima yanafika kama mate."

"Basi niambie nifanye nini. Mimi pia nina binti."

Matroni akatazama upande wa wodi ya juu. Mimi nilikuwa mlangoni na ninaapa nilimwona akimfikiria wifi yake. Kisha akasema, "Nipatie mpaka watu wapande mahindi. Kama bado tunaimba, ufunge."

Mwenyekiti akakubali. Kupanda mahindi kulikuwa karibu. Kila mtu alikwisha kulima, watu wakitazama mawingu tu.

Sasa niseme juu ya ukaidi wake, maana bila ukaidi huu picha yake haikamiliki. Matroni hakuuliza mtu. Aliamua mwenyewe kwamba ugonjwa wa bomba ni baridi, na dawa ya baridi ni kufunika. Akatutuma tukusanye maganda makavu ya mahindi kutoka kwa wakulima, na Trans Nzoia na Bungoma nzima kitu hicho hakikosekani. Tulilivisha bomba kutoka chini mpaka juu, maganda kwa mashada, tukafunga kwa kamba za katani na vipande vya blanketi kuukuu. Alitembea kando ya bomba lake akiligonga kwa kiganja, na uso wake ulikuwa wa mama mkwe aliyeridhika.

Asubuhi ya pili tulikuta bomba uchi. Ng'ombe wa majirani, ambao kiangazi kile walikuwa wamebaki mbavu, walipenya ua, wakala maganda yote, wakaacha blanketi. Mmoja alikuwa bado amesimama pale akitafuna kamba. Matroni alimtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama.

"Huyu ni wa Mwalimu," akasema bawabu.

"Najua ni wa Mwalimu," akajibu Matroni. "Hata yeye amekuja kufunga laini."

Tukavisha upya, tukaziba ua. Na wimbo haukupungua hata ubeti mmoja. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza ameketi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya wodi ya juu.

Aliyemwinua alikuwa mzazi. Mwanamke mmoja Mwislamu wa Kitale, mtaa wa Tuwan, alikuwa amekuja kumtembelea dadake aliyeolewa Kimilili, uchungu ukamshika huku. Aliposikia tunaimba akingoja kuoga, akauliza tunaombea nini. Tukamweleza. Akacheka mpaka akashika tumbo lake lenye maumivu.

"Kwetu msikitini wazee wanafungua mfereji alfajiri wanatawadha na maji ya moto hapo hapo. Hakuna kungoja. Na boila iko huko nyuma kwa madrasa."

"Nani alifanya hiyo?" Matroni akauliza.

"Kuna mzee wetu anaangalia maji. Ukienda uliza Mzee wa Maji, hata mtoto atakuonyesha."

Siku ya pili yake tulikuwa Kitale, mimi na yeye. Alivaa gauni la kanisani na leso kichwani, akanikagua mimi pia, akanifunga leso yake ya akiba. Mzee wa Maji tulimkuta amekaa kwenye benchi kando ya lango la wanawake, mtu mwembamba mwenye ndevu za hina na majivuno ya kutosha watu wawili. Niliona mara moja kwamba wangeelewana au wangepigana.

"Karibu, Bibi Matroni. Habari yako imefika kabla yako. Wewe ndiye unayelivisha bomba nguo?"

"Ni mimi. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya. Lakini blanketi humpa joto aliyekwisha kufika nyumbani. Halimleti aliye njiani."

Nilimfahamu Matroni vya kutosha kujua kwamba sentensi ile aliipenda na ilimuuma.

Mzee akamwambia afungue mfereji wa mwisho kabisa, ule wa pembeni. Matroni akafungua, akaweka mgongo wa mkono, na bila kujua akaanza kuvuta pumzi ya kuimba. Maji yakaja vuguvugu, tayari kwa uso wa mzee. Pumzi ikabaki kifuani haina kazi.

"Ni mashine?" aliuliza.

"Sina mashine. Sina hata stima huko nyuma. Nimeyakataza maji kulala, basi." Akachora kwa fimbo kwenye vumbi. Bomba lenu, alisema, ni la kwenda tu. Maji yakifika mwisho na mfereji umefungwa, yanasimama, yanapoa, na asubuhi lazima muyatupe. La kwake lilikuwa na kwenda na kurudi. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda. Yakipoa huwa mazito, yanateremka kwa bomba la pili mpaka chini ya boila, yanapashwa tena, yanapanda tena. Yanazunguka mchana na usiku kama watu wa zamu, na mfereji unachota kutoka kwenye mzunguko unaopita mlangoni. Kile kipande kifupi kutoka mzunguko mpaka mferejini kiwe bomba jembamba. "Bomba nene ni mtungi. Mpaka umwage mtungi mzima ndipo uonje moto."

"Lakini lazima boila iwe chini na mfereji uwe juu," akaongeza, kama anayejiandaa kutoa habari mbaya. "Wengi wamekuja hapa nikawarudisha, kwa sababu boila zao ziko juu. Kwenu iko wapi?"

Matroni alinitazama. Miaka yote tulikuwa tumeulaani mteremko ule.

"Chini kabisa," akasema. "Na mimi niko juu kabisa."

"Basi Mungu alikujengea, wewe ukanuna."

Alikuja Kimilili kabla ya wiki kwisha, na gunia la vyuma begani, akakataa chai mpaka akague boila. Wale wawili walifanya kazi pamoja siku kadhaa, na sijasikia tena ugomvi mtamu kama ule. Aliposikia habari za ng'ombe hakucheka. Alisema kazi ya kuvisha sasa ndiyo inahitajika, kwa sababu maji yanayozunguka bila nguo yatamaliza kuni zote za Mlima Elgoni. Wakafunga magunia na blanketi, wakapaka udongo, wakafunika kwa mabati makuukuu. Matroni akapita akiligonga bomba, akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

Walikosana mahali pamoja. Bomba la kurudi lilipaswa kupita mbele ya stoo ya shuka, na Matroni hakutaka wauguzi walikanyage. Akaamuru lipandishwe juu ya mlango na kushuka upande wa pili. Mzee akamwambia bomba halitakiwi kuinua mgongo, kwenye mgongo hewa hukaa, na hewa ikikaa maji hayapiti. Matroni akasema yeye ndiye Matroni. Mzee akapandisha bomba juu ya mlango, taratibu sana, kama mtu anayempa mtoto kisu ili ajifunze.

Moto ukawashwa. Maji hayakuzunguka. Tuliligusa bomba, upande wa kupanda lilikuwa moto mpaka juu ya mlango, upande wa kushuka baridi kama kaburi. Mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya mlima, na watu walikuwa wananunua mbegu. Mwenyekiti alipita, akatazama, akainua macho kwenye mawingu, akaondoka.

Matroni alisimama mbele ya stoo muda mrefu. Mimi nilingoja aseme kwamba amekosea, kwa sababu nilitaka kuusikia mlio wa neno hilo kinywani mwake. Hakulisema.

"Huu mrango umekosea," akasema. "Uzibwe."

Na mlango ukazibwa kweli kwa matofali, stoo ikatobolewa mlango mwingine upande wa nyuma, na bomba likapita limelala vizuri, likiteremka bila kuinua mgongo popote. Mpaka leo wauguzi wapya huuliza kwa nini shuka zinafuatwa kwa kuzunguka jengo zima. Mzee wa Maji aliaga siku ile ile. Alimwambia, "Bibi Matroni, nimefanya kazi na wanaume wengi. Hakuna aliyewahi kuhamisha mlango kwa ajili ya maji." Matroni akamfungia mkungu wa ndizi na kuku hai, na kuku alipelekwa mpaka Kitale akilalamika.

Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Wanawake wenye majembe walikuwa njiani wakienda kupanda. Wazazi walijipanga kwenye korido na mataulo yao. Matroni akafungua mfereji wa mwisho, akaweka mgongo wa mkono kama kila siku, akafumba macho na kuanza wimbo.

Alikuwa amengoja maji kwa miaka mingi kiasi kwamba mkono wake haukujua namna nyingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba yafike haraka, yeye mwenyewe ndiye aliyehamisha mlango, na bado aliuweka mkono pale kwa ajili ya ubeti mzima wa baridi. Maji yalifika kwenye neno la kwanza. Yalifika na moto wa boila wa usiku mzima.

Hakupiga kelele. Sauti yake ilipanda mahali pake pa siku zote, wazazi wakaitikia wakidhani ni wimbo. Mimi ndiye niliyeona mvuke. Nilifunga mfereji, nikauvuta mkono wake kwenye maji baridi, na ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Alilia, ndiyo, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Lakini alikuwa anacheka, na alikuwa ananisukuma kwa bega.

"Wachana na mkono. Enda uite Mwalimu."

Mwenyekiti alikuja na buti za shambani. Matroni alimpa mkono wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto haupewi mtu mzima, ni matusi, na Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. Ndipo akauona wa kulia umefungwa bandeji.

"Mulembe, Mwalimu, amani kwako. Nisamehe, ule mwingine umeungua na maji ya wodi ya juu."

"Umeungua aje? Si haya maji hukaa kama yametoka mtoni?"

"Jaribu. Lakini usiimbe."

Alifungua, akaona mvuke, akafunga upesi. Akavua kofia. Aliishika kifuani, akatazama mtaro uliokuwa mkavu, na akasema laini haitafungwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama bintiye, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa, anaweza kuandikwa kwetu. Niliona fahari siku ile. Sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kushika kamba za katani, lakini nilitembea wodini kama niliyezaa.

Kutokana na mkono ule tukapata sheria ambayo Matroni aliifundisha kila muuguzi, kila mzazi na kila mama mkwe aliyeleta uji. Fungua baridi kwanza, halafu moto, halafu ndio mkono. Ilifupishwa ikawa "balidi kwanza", na walioicheka walikuwa wanaitamka hivyo hivyo wao wenyewe baada ya mwezi. Wazazi walianza kuongezeka. Walitoka mpaka upande wa Kitale. Walipoulizwa kwa nini wamepita hospitali nyingine njiani, walijibu bila haya kwamba wamesikia huku mtu anaogeshwa.

Nisimpake asali kupita kiasi. Alikuwa na kisirani. Aliweza kunyamaziana na daktari wiki nzima kwa sababu ya mkasi. Simu za mkononi zilipoingia alizikataza wodini, halafu yake ikawa inalia kuliko zote, na hakujua kuizima, akawa anaifungia kwenye droo ya bandeji ambako iliendelea kulia. Na kuhusu maji ya moto, sikia ajabu: yeye hakuyaoga. Maisha yake yote alioga maji baridi, kabla ya jua, kwa ndoo, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Nilimuuliza siku moja anajitesa kwa nini na mfereji uko pale.

"Maji moto ni ya wazazi," akasema. "Mimi nilizaa kitambo. Nikizoea utamu nitaanza kuhurumia kuni."

Alistaafu, akarudi kwao nje ya mji wa Bungoma, na wodi ya juu nikakabidhiwa mimi. Miaka ilipita. Kisha asubuhi moja nikatoka kwenye chumba cha kujifungulia nikamkuta kwenye benchi la korido, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mapajani. Alikuwa amemleta mjukuu wake kujifungua. Hospitali za Bungoma zilikuwa karibu zaidi, na familia ilibishana naye, lakini unajua alivyo. Mtoto alikuwa amezaliwa salama, wa kike.

Kabla sijamsalimia, muuguzi wangu mpya, msichana ambaye hakumjua, alikuwa ameinama mbele yake akimfundisha kwa sauti ya kuwafundishia wazee.

"Kukhu, nyanya yangu, ukimpeleka mjukuu kuoga uwe mwangalifu. Hapa maji hayangoji. Balidi kwanza, halafu moto, halafu ndio mkono. Umesikia?"

Matroni aliitikia kwa kichwa, mtiifu kabisa. "Nimesikia, mayi, mama yangu. Nani alikufundisha?"

"Hapa ndio huwa tunasema hivyo," msichana akajibu, akaenda zake.

Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono wenye kovu. Nilitaka kumwita yule msichana nimwambie ni nani aliyekaa hapa. Matroni alinikaza vidole. Hakutaka.

"Mbona hawaimbi?" akauliza baadaye.

Sikuwa nimelifikiria hilo kamwe. "Hakuna wakati wa kuimba, Matroni. Ukifungua tu yamefika."

Alilitafuna jibu hilo. Halafu akasimama kwa fimbo, tukaenda polepole mpaka mfereji wa mwisho, ambako mjukuu wake na wazazi wengine wawili walikuwa wamesimama na mataulo. Akafungua baridi. Akafungua moto. Mvuke ulipanda mara moja mpaka kwenye miwani yake, naye akausimamia, miwani imeziba, uso umeinuliwa.

Kisha akafunga mifereji yote miwili, akaikaza mpaka tone la mwisho likakatika, maana hakuwa mtu wa kumwaga maji ovyo. Na mfereji ukiwa umefungwa hivyo, akaanza ule wimbo, kwa sauti yake mbaya, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi na wale wazazi tukaimba naye mpaka ukaisha.

"Sasa ogeni," akasema.